Makundi ya DNA si Hukumu: Madai Manne Kuhusu Virusi vya Muhogo

Njia kuu ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, bado ni njia ya watu na mazao. Pingili za muhogo husafiri kutoka shamba hadi shamba, na virusi vya ugonjwa wa michirizi kahawia husafiri ndani yake. Ili kuvitambua, maabara hunakili RNA ya virusi kuwa DNA, mashine husoma vipande vyake, kisha programu hukusanya vinavyofanana katika makundi. Kuhusu hatua hiyo ya mwisho, yanasemwa mengi yasiyo sahihi.

Dai la kwanza: kila kundi ni kirusi cha aina yake. Hapana. Jenomu ya virusi hivi, yaani maandishi yao yote ya urithi, ina herufi takribani 9,000. Vipande vya herufi 150, kimoja cha mwanzo na kingine cha mwisho, havifanani hata vikitoka kwa kirusi kimoja. Zaidi ya hayo, kiwango cha ufanano huwekwa na mtafiti. Akikikaza mno, makosa ya mashine huzaa makundi hewa. Akikilegeza mno, aina mbili humezwa kuwa moja.

Dai la pili: kundi kubwa ndilo ugonjwa mkubwa. Si lazima. Sehemu kubwa ya vipande huweza kuwa ya muhogo wenyewe, na kunakili maabarani huongeza baadhi ya vipande kuliko vingine. Kwanza ondoa vya mmea, ndipo uhesabu.

Dai la tatu: bila kompyuta kubwa za ng'ambo hatuwezi. Kweli, vipande milioni moja vina jozi karibu bilioni 500. Lakini programu kama CD-HIT hailinganishi kila jozi kwa ukamilifu. Kipande kirefu zaidi huwa kiongozi wa kundi, na kila kinachofuata hukaguliwa kwanza kama kina mifuatano mifupi ya herufi, kwa idadi ya kutosha, inayolingana na ya kiongozi. Kisipokuwa nayo, ulinganisho kamili na kiongozi huyo hurukwa. Hata mashine si lazima iwe ng'ambo: mradi wa watafiti Joseph Ndunguru na Laura Boykin uliipeleka mashine ya kusoma DNA ya MinION, inayoshikika kiganjani, hadi mashambani Afrika Mashariki, na majibu yakapatikana palepale.

Dai la nne: makundi yanathibitisha kwamba misafara ndiyo iliyoeneza ugonjwa. Mwaka 2009 mtafiti Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kuwa virusi vya pwani na vya bonde la Ziwa Victoria vinatofautiana sana. Baadaye aina zote mbili zilipatikana pande zote. Kundi husema nani anafanana na nani. Halisemi nani alitangulia kusafiri, wala lini. Kujua hayo hudai sampuli zenye tarehe na mti wa ukoo wa jenomu.

Basi, bwana shamba na bibi shamba, mkiletewa ripoti ya maabara, ulizeni: kiwango cha ufanano kilikuwa kipi, nini kiliondolewa, na makundi yalilinganishwa na jenomu zipi? Ripoti isiyojibu hayo isitumike kuamua pingili zipi zipandwe Tabora.