GODORO LIPIMWE KWA MIZANI



Sukari hupimwa. Nyama hupimwa. Hata misumari ya kupigilia mabati hupimwa. Godoro peke yake, ambalo kwa mtu wa mshahara mdogo ni mzigo wa fedha usio mdogo, huuzwa kwa macho. Muuzaji hulipiga kofi, hutaja inchi zake, huonyesha maua ya kitambaa, kisha hutaja bei. Nasi, watu ambao kazi yetu kutwa ni kuhakiki hesabu za wengine, hutoa fedha pasipo kuuliza swali hata moja. Twasema wazi kwamba desturi hii ni hasara, tena ni aibu, na wa kuikomesha ni sisi wenyewe.

Kwanza yatupasa kufahamu kitu tununuacho. Wazee wetu walilalia kitanda cha kamba na mkeka, na mwenye uwezo alijaza godoro lake sufi au makumbi ya nazi. Sponji ni kitu cha juzi. Asili yake ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na magodoro yake yalianza kuenea duniani katika miaka ya 1950. Sponji ni povu lililoganda. Hata katika sponji iliyo njema, zaidi ya sehemu 95 katika kila 100 ni hewa tupu; katika iliyo mbaya hewa huzidi hapo. Siri yote ya biashara hii imo humo. Atakaye kupunguza gharama hana haja ya kupunguza inchi, huongeza hewa. Godoro hubaki nene na la kupendeza, na mnunuzi hulichukua kichwani akiusifu wepesi wake, wala hajui ya kuwa wepesi huo ndio hasara yake.

Basi na tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo silaha yetu. Godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6, lina ujazo wa mita 0.34 hivi. Sponji nyepesi ya kilo 15 kwa kila mita moja ya ujazo italipa godoro hilo uzito wa kilo 5 tu. Sponji ya kilo 25, ambayo yaweza kuuhimili mwili wa mtu mzima usiku baada ya usiku, italipa kilo 8 na nusu. Magodoro hayo mawili yana urefu mmoja, upana mmoja, unene mmoja, na pengine maua yale yale. Jicho haliwezi kuyatenga. Mizani ya kuning'iniza mizigo huyatenga kwa dakika moja.

Tunajua jawabu tutakalopewa. Wako wenzetu wasemao, "Maskini hachagui, mwenye fedha kidogo na achukue kilicho rahisi." Neno hili tunalikataa kabisa. Mwenye fedha nyingi akikosea hununua jingine. Mwenye fedha kidogo ndiye asiye na ruhusa ya kukosea, na kwa hiyo ndiye apasaye kuchagua kuliko watu wote. Tuseme godoro moja lauzwa shilingi 80,000, nalo likabonyea katikati kama sahani baada ya miezi 18. Tuseme jingine lauzwa shilingi 160,000, nalo likadumu miaka 6. La kwanza limekula shilingi 4,444 kila mwezi. La pili shilingi 2,222. Lile lililoitwa rahisi ndilo ghali maradufu, na juu yake kuna mgongo unaouma asubuhi mbele ya meza ya kazi.

Lakini mtu atauliza, "Na kama hizo 160,000 sina?" Swali hili ni la haki, wala hatutalijibu kwa maneno matupu. Mwenye fedha haba na apunguze unene, asipunguze ubora. Godoro la futi 4 kwa 6 lenye inchi 4 za sponji ya kilo 25 lina uzito usiopungua kilo 5 na nusu. Lile la inchi 8 za sponji ya kilo 12 lina uzito wa kilo 5 na nusu vile vile, au pungufu kidogo. Sponji ni karibu kiasi kimoja; la pili limejazwa hewa mara mbili. Chagua la inchi 4, ukaribishe chaga za kitanda chako zisiachane sana, nawe utalala vema kuliko jirani yako aliye juu ya mlima wa povu. Wala usikimbilie la mkopo kabla ya kujumlisha malipo yote ya kila mwezi mpaka la mwisho, ukalinganisha jumla hiyo na bei ya fedha taslimu.

Tena mizani nayo ina njia za kudanganywa, na ni vizuri zijulikane. Viko viwanda duniani vichanganyavyo unga wa chokaa katika sponji ili kuongeza uzito. Yako pia magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hayo huwa mazito, na mengine yafaa, ila bei yake isiwe ya sponji nzima. Kwa hiyo tufungue zipu. Tutazame kama ndani ni kipande kimoja au ni viraka. Tusugue kwa kidole tuone kama unga watoka. Tukandamize kwa goti, tuondoe, tuone kama sponji yarudi mara moja au yabaki na shimo. Muuzaji mwema hatakasirika.

Kuhusu magodoro yaliyokwisha kulaliwa, twasema kwa kifupi: yaogopwe. Kitambaa kipya chaweza kuvishwa godoro kuukuu, na kunguni hukaa katika mishono yake miezi kadha pasipo kuonja damu, wakimngoja mgeni. Kulianika juani mchana mmoja hakutoshi, maana joto hukaa juu na wao huingia ndani. Wala tusitumaini sana dawa: tangu miaka ya 1940 kunguni wa Hawaii walionekana kuizoea DDT. Rahisi ya namna hii huingia nyumbani na deni lake.

Na wenye watoto wakumbuke mambo mawili. Mtoto mchanga alazwe juu ya godoro gumu lililo sawasawa, chali, bila mito, kwa sababu ulaini unaopendeza mkono waweza kuziba pumzi yake. Na sponji, ikishika moto, huwaka kwa kasi na moshi wake ni sumu. Kibatari, mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visikae karibu na kitanda.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya nacho kimepata duka lenye vioo na taa, kwa hiyo methali hii peke yake haitulindi tena. Kitakachotulinda ni umoja. Tunataka wauzaji, toka Kariakoo hata miji midogo ya bara, waandike juu ya kila godoro uzito wa sponji yake, kama uandikwavyo juu ya mfuko wa unga. Hatuombi fadhili, twadai kujua tunacholipia. Na mpaka hapo watakapofanya hivyo, wanachama kumi wanaohitaji magodoro mwezi mmoja na waende dukani pamoja, wakiwa na futi kamba na mizani yao, wadai risiti iliyotaja vipimo, na wapatane bei ya kumi. Muuzaji awezaye kumcheka karani mmoja hatawacheka kumi.

Na asiyekubali mizani yetu, fedha zetu asizione.