Mji Usio na Mahali: Njozi ya Kesho na Suala la Katesh

Neno "utopia", alilolibuni Thomas More mwaka 1516, limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "pasipo mahali". Kiswahili hakiipokei dhana hiyo kwa wepesi. Ngeli ya mahali humtaka msemaji achague: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali kusiko dhahiri, au mu- ya ndani. Hoja ya makala haya ni kwamba wasanifu wengi huichora miji ya kesho katika ku-, ilhali watu huishi katika pa- na mu-. Kwa Katesh, tofauti hiyo si ya kisarufi tu.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufuata mkondo wa mto Jorodom hadi mjini Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Baadaye Serikali iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Kazi hiyo ilihitaji haraka, na haistahili kubezwa. Hata hivyo, safu za nyumba hazijawa mji. Si bure kwamba Kiswahili hulitumia neno hilohilo katika "mji wa mimba".

Waret yenyewe haikuwa uwanja mtupu. Jina hilo lilikuwa pia la mojawapo ya mashamba saba ya ngano ya NAFCO, yaliyoendeshwa Hanang kwa msaada wa Kanada katika malisho ya Wabarabaig. Hayo nayo yalikuwa njozi ya kesho. Machoni pa waliopanga, tambarare ile ilikuwa tupu. Machoni pa Wabarabaig ilikuwa na bung'eda, yaani kaburi la mzee aliyeheshimiwa, ambalo jamaa na majirani huliinua kwa miezi kadhaa hadi likawa kilima. Baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na majembe ya matrekta. Inashangaza kwamba wataalamu wetu wa sanaa ni nadra kuihesabu bung'eda kuwa usanifu, kama vile wanavyoisahau tembe ya Wairaqw wa Mbulu, iliyochimbiwa mtelemkoni na kuezekwa udongo.

Haidaiwi hapa kwamba tembe ingelizuia tope, wala kwamba kuota ni kosa. Mpango wa Dodoma wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, ulithubutu kuuwaza mji mkuu wa kijamaa usio na majivuno ya majengo. Ujasiri huo unafaa kuigwa. Kilichopungua ni sauti ya wenye mahali.

Kwa hiyo, kabla mhandisi hajaikaza mistari yake, Katesh ifinyangwe kwanza kwa udongo na kuchorwa na wakazi wake: wanafunzi, wafinyanzi, wafugaji, na wazee wanaojua maji yalipita wapi zamani. Majina ya vijito na mabonde kwa Kidatoga na Kiiraqw yakusanywe na kuandikwa juu ya ramani hiyo. Idara za lugha zina wajibu hapa, nazo zimechelewa. Mkondo wa Jorodom uachwe wazi. Na ikiwa waliofariki mwaka 2023 watainuliwa kilima cha ukumbusho, shauri hilo ni la wafiwa na wazee wa Kidatoga, wala si la mchoraji.