Mwanafunzi Aliyekwenda Berlin

Mwezi huu tulikusudia kuandika habari za mahudhurio ya watoto shuleni, lakini jambo jingine limetokea katika kijiji chetu, nasi hatuwezi kulinyamazia.

Kijana mmoja tuliyemfundisha kusoma na kuhesabu sasa yuko Ulaya, katika mji wa Poznań, nchi ya Polandi, akijifunza uhandisi. Hivi majuzi yeye na rafiki zake watatu walipanda gari la moshi siku ya Ijumaa jioni (twaliita hivyo kwa mazoea tu, maana moshi halina tena) wakaenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, mwendo wa saa tatu hivi. Wakatembea huko siku mbili, na Jumapili usiku wakarudi. Kijana akampelekea baba yake picha kwa simu, na Jumapili iliyofuata simu ile ikapita mkono kwa mkono chini ya mwembe baada ya ibada.

Ndipo maneno yakazuka. Mzee mmoja, mtu tunayemheshimu sana, akasema: "Baba yake ameuza korosho za misimu mitatu ili mtoto akasome. Naye kumbe azunguka miji ya watu kama mtalii! Je, mtihani utafanywa na nani? Na hao rafiki zake?" Wengi wakaitikia. Baba wa kijana akainamisha kichwa, asijibu neno.

Sisi twasema, pamoja na heshima zote, kwamba wazee wetu wamemkamata asiye na hatia, na mwenye hatia wamemwacha aende zake.

Fedha iliyotumika si hoja. Vijana wale walilala wanne katika chumba kimoja, wakala mkate waliounua dukani. Wala kutembea si adui wa kusoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, na kutokana na maandishi yake kikatoka mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili ambacho wenye elimu hukitafuta hata leo. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari za safari yake zikapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1901. Wazee husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi mbona kutembea mwakutilia shaka?

Lakini hapa ndipo ugomvi wetu na kijana unapoanza. Tuliiomba simu ile, tukazitazama picha moja moja. Zilikuwa 42. Tuliona Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791, na kijana mbele yake ameinua vidole viwili. Tuliona mnara wa televisheni, mrefu mita 368, na kijana mbele yake. Tuliona kipande cha ukuta uliougawa mji ule tangu 1961 hata 1989, na kijana ameuegemea kama mtu aegemeavyo ukuta wa duka, ingawa watu walikufa wakijaribu kuuvuka. Katika picha nyingi mji umekaa nyuma yake kama pazia la mpiga picha. Tukajiuliza: amekwenda kuuona Berlin, au kuuonyesha Berlin uso wake?

Na kitu kimoja hakikuwamo katika picha zote 42.

Katika mtaa wa Invalidenstraße, mwendo usiofika nusu saa kwa miguu kutoka stesheni kubwa ya Berlin, ipo nyumba ya makumbusho iitwayo Museum für Naturkunde. Katika ukumbi wake amesimama mjusi mkubwa wa zamani za kale, wa jamii ya dinosaria, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan. Kimo chake ni mita 13 na zaidi. Mnazi mrefu wa pwani yetu ungetazamana naye uso kwa uso. Mifupa yake ilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, na mwaka 2007 ikasimamishwa upya. Watu hutoka nchi za mbali kumtazama. Naye ametoka wapi? Ametoka Tendaguru, huku kwetu Lindi, kilima ambacho mtu wa kijiji chetu akiondoka alfajiri kwa miguu atakifikia kabla ya jua kutua!

Tangu 1909 hata 1913 Wajerumani walichimba pale. Wakuu wa kazi ile mwanzoni walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na majina yao yameandikwa sana. Lakini walioshika majembe walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, ikachukuliwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Wakumbuke wasomaji kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno. Watu waliotoka katika njaa ile ndio walioitwika mifupa ile.

Na yule mzee aliyesema habari ya "miji ya watu"? Babu yake, kama alivyotusimulia mwenyewe siku nyingine, alikuwa mmoja wa wapagazi wale. Mzigo wa babu yake umesimama Berlin, naye azuia wajukuu wasiende kuutazama.

Hatusemi leo habari ya kumrudisha mjusi nyumbani. Neno hilo limesemwa hata Bungeni, na wakubwa wanalo, ingawa sisi nasi tuna shauri letu. Twasema tu kwamba mtu hawezi kudai kitu asichojua kwamba kipo.

Tena hayo si yote. Kutoka Lango la Brandenburg, dakika chache kwa miguu, ni mtaa wa Wilhelmstraße. Hapo, katika nyumba ya Waziri Mkuu Bismarck, wajumbe wa dola 14 walikutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 hata 26 Februari 1885, wakaweka kanuni za kutwaa nchi za Afrika, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Siku ya pili yake, tarehe 27 Februari, Kaisari akakipa chama cha Carl Peters barua ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Nyumba yenyewe haipo tena, ila pana ubao wa ukumbusho. Na katika mtaa wa Wedding ilikuwako barabara iliyoitwa kwa jina la huyo Peters tangu 1939. Mwaka 1986 wenye mji wakasema kwamba sasa Peters ni mwingine, mtu mwenye jina hilohilo, hila iliyotuchekesha. Hata mwezi wa Agosti 2024 jina likaondolewa kabisa, na sehemu moja ya barabara ile sasa yaitwa Maji-Maji-Allee. Kijana wa Lindi angeweza kusimama chini ya kibao kile na kupiga picha, naye asingekuwa na haja ya kuinua vidole viwili.

Tukamwandikia basi, kwa ukali kidogo. Tukamwuliza ni kipofu gani aliyepita mlangoni pa mali ya babu zake asiijue. Jibu lake likaja usiku uleule:

"Shikamoo, Mwalimu. Picha ya mjusi yule niliiona stesheni katika tangazo, nikadhani ametoka Marekani kama wale wa sinema. Mwalimu, mbona hamkutufundisha?"

Wasomaji wapendwa, tulikaa na simu mkononi muda mrefu. Tumefundisha katika shule hii miaka kumi na miwili. Tumewafundisha watoto urefu wa mito ya nchi za watu. Tumewakaririsha mwaka wa mkutano wa Berlin, kwa kuwa huulizwa katika mtihani, wala hatukuwaambia kwamba ulifanyika katika nyumba fulani, mtaa fulani, ambao mtu aweza kuukanyaga kwa mguu. Jina la Boheti bin Amrani, ambalo mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru, wakamwita Australodocus bohetii, limo katika vitabu vya elimu ya dunia, wala halimo katika daftari la mtoto hata mmoja wa shule yetu. Basi mwenye hatia tuliyesema ameachwa aende zake ni sisi wenyewe. Na walimu wenzetu wa Kilwa, wa Songea na wa Bagamoyo wasitucheke upesi. Watazame kwanza madaftari yao.

Tangu juma lililopita darasa la sita wanachora ramani ya njia ya wapagazi kutoka Tendaguru mpaka Lindi. Wazazi wawili wamelalamika kwamba jambo hili halimo katika mtihani. Tumewajibu kwamba ni kweli, halimo, na ramani itaendelea.

Kijana ameandika kwamba yeye na wenzake watakwenda Berlin tena wakati wa likizo. Tulimwambia mzee. Alinyamaza kitambo, akichora chini kwa fimbo yake, kisha akatuagiza tumwandikie kijana maneno haya: akifika kwa huyo mjusi, autazame sana mfupa wa paja, akadirie uzito wake, kwa kuwa babu alikuwa akisema kwamba ulibebwa na watu wanne, naye siku zote alidhani babu anatia chumvi.