Tazameni Mashini Kwanza



Hapa Machakos wenzetu waoshao magari wana taabu moja. Povu likitoka jepesi, tajiri husema mwoshaji ameiba sabuni, na mshahara wake hukatwa. Sisi wa reli twasema: tazameni mashini kwanza.

Kifaa kile cha kuvuta sabuni ni ndugu wa injekta iliyotia maji katika boila za injini za mvuke zamani. Maji yakipita kwa nguvu mahali pembamba, huvuta sabuni kutoka pipani. Basi anzeni na pipa: lina sabuni? Kisha chujio lililo chini ya mpira: limezibwa na uchafu? Mpira una ufa? Ukivuta hewa, hauvuti sabuni. Halafu vali na tundu dogo la kupimia, maana maji ya chumvi huacha ukoko humo. Mwisho, pimeni nguvu ya pampu.

Msivute dawa kwa mdomo, wala msichanganye ya asidi na ya klorini. Hewa itokayo ni sumu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka tajiri awape glavu na miwani bila malipo palipo na hatari. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo yaruhusu kukatwa mshahara kwa hasara aliyoifanya mtu kwa kusudi. Chujio lililoziba si kusudi la mtu.

Mtu mmoja akinung'unika hasikiwi. Semeni pamoja.