Hiyo Mass Comm unayotaka, umesoma yuniti zake?

Najua uko wapi sasa hivi. Uko saiba ama umeazima simu ya mtu, umefungua tovuti ya KUCCPS, na mbele yako kuna kozi kumi zenye majina kama ya mapacha: Uanahabari na Mawasiliano, Mawasiliano na Uhusiano Mwema, Habari na Mawasiliano. Ukishuka kidogo unapata Soshiolojia, Sayansi ya Siasa, Maendeleo ya Jamii. Binamu yako anasema weka chuo kikubwa, kozi utaizoea. Mamako tayari anakuona ukisoma taarifa ya saa moja. Wewe unaangalia alama zako za klasta kati ya zile 48 na kutafuta mahali zitatoshea.

Hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwa gunia.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Sitaki pole yako. Nakwambia kwa sababu tangu hapo nimekuwa nikiandika na kupiga video na watu waliomaliza, na aliyeshika kamera tangu mwaka wa kwanza humjua mapema. Aliyenakili noti za nadharia miaka minne pia humjua, manze, hata kabla hajawasha maikrofoni.

Kwa hivyo anza na hili: hicho chuo kina redio inayosikika nje ya geti? Daystar wana Shine FM. Maseno wana Equator FM. Ukikosea jina la gavana hewani, kuna msikilizaji huko nje atakasirika, na hilo ni somo ambalo hakuna mhadhiri anaweza kukuandikia ubaoni. Chuo kikijisifu kuwa kina studio ya kisasa, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu umuulize ameingia humo mara ngapi. Kule nilikosoma kamera zilikuwa tatu na sisi tulikuwa zaidi ya mia.

Kisha soma orodha ya yuniti, yote, hadi mwaka wa nne. Kozi mbili zenye jina karibu moja zinaweza kukupeleka pande tofauti kabisa. Moja imejaa isimu na lugha, nyingine ni uhusiano mwema na matangazo ya biashara, nyingine ni filamu. Ukiingia ukidhani unaenda kusomea utangazaji halafu upate mihula mitatu ya jinsi ya kuandikia kampuni taarifa kwa vyombo vya habari, utamlaumu nani? Na usidharau diploma, bana. KIMC pale South B imekuwa ikifunza watu wa utangazaji tangu 1961, wakati vyuo vikuu vingi unavyoviona kwa hiyo tovuti havikuwepo.

Sasa niseme jambo ambalo halitawafurahisha watu wa Mass Comm. Kama unachotaka ni kuandika ama kuripoti, iangalie sayansi ya jamii kwa makini. Kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipotutoa nyumbani, vijana waliotusaidia kuuelewa, wakautafsiri hadi kwa lugha za mama na kuueleza TikTok, walihitaji kujua kodi inafanya kazi vipi na Bunge linapitishaje sheria. Kuhariri video unaweza kujifunzia kwa simu, na mimi ndivyo nilivyojifunza. Takwimu, mbinu za utafiti, jinsi ya kumhoji mtu bila kumwekea maneno mdomoni, hayo ni magumu kujifunza peke yako saa nane usiku. Vyuo kadhaa vina BA inayoruhusu kuchanganya masomo. Ukipata pahali unaweza kuunganisha uchumi ama siasa na mawasiliano, mimi ningeenda hapo.

Lakini usichukue Soshiolojia kwa sababu uliambiwa NGO zinalipa. Marekani ilipoifunga USAID mwaka wa 2025, watu wengi wenye digrii hizo walirudi nyumbani na barua mkononi. Uliza waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo.

Halafu doo. Kwa mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ukichagua chuo cha kibinafsi unaweza kuomba mkopo wa HELB, ule ufadhili wa serikali haukufuati huko. Piga hesabu ukiwa na mzazi wako kabla ya kubonyeza chochote. Weka nyumba ya kukodi, nauli, laptopu. Weka pia atachimenti, maana hiyo wengi husahau: stesheni nyingi kubwa ziko Nairobi, mara nyingi hakuna malipo, na kama unasoma mbali utatafuta pa kulala miezi miwili ama mitatu. Uliza idara kama inakutafutia nafasi ama inakupa tu barua ya utambulisho ukajitafutie.

Wanafunzi wa hizo kozi wako TikTok na Instagram, kila chuo. Watumie ujumbe. Waulize mhadhiri gani huingia darasani na yupi hutuma noti kwa WhatsApp, na mgomo wa mwisho uliwarudisha nyuma muda gani. Watano wakikujibu, utakuwa umejua mengi kuliko yaliyo kwenye brosha.