Haki Haichangishwi kwa Harambee



Wakenya walipopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A, kilichoondolewa Desemba 1991, hawakudai vyama vingi ili waheshimiwa wapate magari mengi. Walidai nchi ambamo mnyonge naye atasikilizwa. Basi na tuulize: mama ampelekapo shuleni mtoto asiyesikia, au anayejifunza kwa shida, akaambiwa, "Mama, hapa hatuna mwalimu wake, mrudishe nyumbani," mabadiliko hayo yamemfikia?

Mlango huo hufungwa kwa maneno ya mdomo tu, wala hapabaki karatasi. Mzazi huinama, hushukuru, huondoka, akidhani ameomba fadhila akainyimwa. Lakini hakuomba fadhila! Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na jamii, kwa kadiri inavyomfaa, na ya kutumia lugha ya ishara au Breli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza shule kumbagua mtoto kwa ajili ya ulemavu.

Wapo wanaojitetea kwamba mtoto ameandikishwa. Kuandikishwa si kufundishwa. Mtoto asiyeona akiketishwa nyuma ya darasa bila kitabu cha Breli, amehifadhiwa tu mpaka kengele ilie. Wengine husema Serikali haina fedha. Ibara ya 20 imekwisha kuwajibu: Serikali ikidai kukosa rasilimali za kutimiza haki ya elimu, ni juu yake kuthibitisha. Mzigo huo hauko mgongoni mwa mama.

Tufanyeje? Kwanza, mtoto apelekwe katika kituo cha serikali cha tathmini ya elimu (EARC), au KISE jijini Nairobi, na mzazi adai ripoti ya maandishi. Pili, amwandikie mwalimu mkuu, akitaja msaada unaohitajika, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri. Tatu, akikataliwa, adai sababu kwa maandishi. Ni haki yake chini ya Ibara ya 47. Nne, alalamike kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiporidhika na uamuzi wake, kifungu cha 93 kinamfungulia njia ya Baraza la Rufaa za Elimu. Na mahakama ipo: Ibara ya 22 haitaki ada ya kufungua kesi ya namna hii, tena inaruhusu mtu au chama kushtaki kwa niaba ya mwingine.

Hapo ndipo nanyi, watu wa kanisa, mnapohusika. Tumezoea kumwombea mtoto huyu na kumchangia kiti cha magurudumu. Harambee ni njema, lakini haki haichangishwi, hudaiwa. Kila parokia na iteue watu wawili: mmoja ajuaye kuandika barua, na mwingine asiyechoka kungoja katika korido za ofisi. Mzazi asiende peke yake tena.

Bartimayo kipofu alikemewa na umati anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Umati ule ungali upo, na baadhi yake tumo sisi. Tuchague leo: kumkemea, au kupaza sauti pamoja naye.