Karo ya Mama Nayo Ichangiwe

Ndugu zangu wa Kakamega, tuna aibu isiyo na msingi. Mtu wa miaka 45 akisema anataka kurudi chuoni, jamaa humwuliza atamaliza lini na atastaafu lini. Wengine humwita ngumbaru mbele ya wanawe. Naye hurudisha vyeti vyake sandukuni, akanyamaza.

Nawauliza wanaocheka: chuo chenyewe kilijengwa na nani? Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, chuo cha harambee. Hawakukichangia vijana waliotoka sekondari juzi. Walikichangia watu wazima, wakiwemo wakulima ambao hawakupata kukaa darasani. Mtoto wa mchangaji yule, mwenye mvi leo, ataingiaje pale kama mgeni?

Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimfukuza kwake, akawa anatoka kambini kwenda shule. Simtaji ili tumshangae. Tumemshangaa vya kutosha, na kumshangaa kumekuwa njia ya kutomfuata. Yeye hakuwa akingoja kupandishwa cheo. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe.

Najua karo ni nzito, na mwenye miaka 50 hana muda mrefu wa kulipa deni. Kwa hiyo asikimbilie digrii kwa kuwa jirani anayo. Fundi wa umeme aliyezoea kazi lakini hana karatasi, cheti cha chuo cha ufundi cha Sigalagala kitamfaa kuliko digrii ya biashara.

Hata hivyo, karo si kizuizi kikubwa kuliko vyote. Walimu wetu wa shule za msingi wenye cheti cha P1 walisoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, wakapata diploma na digrii bila kuacha kazi. Waulizeni wanawake miongoni mwao. Watawaambia kwamba masomo hayakuwashinda. Kilichowachosha ni kutoka darasani jioni na kukuta ng'ombe hajakamuliwa, watoto hawajala, na mume amekaa anangoja chai. Huo si umaskini. Ni ukaidi wetu, na dawa yake haihitaji mkopo.

Tazameni pia mifuko yetu. Akifa mtu, tunachanga usiku huohuo, hata wa kukopa akakopa. Arusi ina kamati yake, mwenyekiti na mweka hazina. Mama wa watoto wanne akiitwa chuoni, hatuitani. Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Nasema chama kinachoweza kulipia hema na chakula cha waombolezaji kinaweza kulipa muhula mmoja wa mwanachama aliye hai. Wenyeviti, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, kabla muda wa kujisajili haujapita. Nanyi waume, jioni ya masomo ingieni jikoni mpike ugali.